Haraka ya Nani? Uhakiki wa Matangazo ya Vyuo Vikuu kwa Vijana wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kila mwaka, tangu matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai mpaka vyuo vikuu vinapofunguliwa mwezi Oktoba au Novemba, nchi yetu huwa na kundi kubwa la vijana wanaongoja. Si wanafunzi tena, na bado hawajawa wanachuo. Wanalala katika nyumba za wakulima na wavuvi, lakini hawahesabiwi kuwa wakulima wala wavuvi. Wanangoja majina yatoke. Katika muda huo huo vyuo vikuu, vya umma na vya binafsi, huwaandama kwa matangazo: redioni, katika simu, katika mabango ya barabarani na katika mabanda ya maonesho.

Makala haya yanahakiki matangazo hayo. Tunayahakiki kama makada wanavyopaswa kuhakiki kitabu, hotuba au wimbo, yaani kwa kuuliza: yanasema nini, yananyamazia nini, na yanatumikia maslahi ya nani? Hatukusudii kukitaja chuo kimoja kuwa kibaya na kingine kuwa kizuri. Lugha ya matangazo hayo ni moja, na lugha hiyo ndiyo tunayoihakiki.

Tunalitazama swali hili kutoka Mbinga, na kutoka Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa sababu mbili. Kwanza, hizi ni wilaya za wazalishaji wadogo. Milimani watu wanalima kahawa, mahindi na maharage. Mwambaoni, kutoka Lituhi na Liuli mpaka Mbamba Bay, wanavua dagaa na kulima mihogo na mpunga. Mtoto wa huko akifika chuo kikuu, amefikishwa na jasho la watu wengi. Pili, miezi ya kungoja chuo ndiyo miezi ya kuvuna na kuuza kahawa. Kwa hiyo huko kosa la kulisoma tangazo vibaya hulipwa kwa kilo za kahawa, na deni lake huonekana shambani kabla halijaonekana chuoni.

MATANGAZO YANASEMA NINI

Neno la kwanza la matangazo haya ni "wahi". Wahi, nafasi ni chache. Wahi, dirisha linafungwa. Neno hili linamfanya kijana aamini kwamba nafasi ya chuo kikuu ni kama kiti cha basi katika stendi ya Mbinga, kwamba aliyetangulia ndiye aliyekaa. Hali halisi sivyo ilivyo. Udahili nchini unaratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa mwaka 2005. Maombi hupokelewa kwa awamu: ya kwanza, ya pili na, panapohitajika, ya tatu. Uteuzi wa kila awamu hufanyika baada ya dirisha kufungwa, kwa kutazama sifa na ushindani. Aliyeomba siku ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wanapimwa kwa alama zao. Ni kweli kwamba fani zenye ushindani mkubwa, kama udaktari, hujaa mapema, na kijana asiyeomba katika awamu ya kwanza anaweza kukuta zimekwisha. Lakini katika fani nyingine nafasi ni nyingi kuliko waombaji, na ndiyo sababu zinatangazwa. Chuo kinachotangaza mpaka mwezi Oktoba kwamba nafasi ni chache kinajijibu chenyewe.

Neno la pili ni "wewe". Ndoto yako, chaguo lako, maisha yako. Tangazo humwita kijana peke yake. Halimwiti pamoja na mama yake aliyechuma kahawa, wala pamoja na kijiji kilichochanga fedha na nguvu kujenga sekondari ya kata, wala pamoja na taifa linalotoa mkopo. Linamtoa katika jamii yake na kumsimamisha dukani kama mnunuzi mwenye fedha mkononi. Lakini mtoto wa mvuvi wa Liuli hana fedha mkononi. Alichonacho ni alama zake na matumaini ya watu waliomtuma. Kumwita mteja ni kumvika vazi lisilokuwa lake, kisha kumdai bei ya vazi hilo.

Neno la tatu ni "ajira". Karibu kila chuo hudai kwamba kozi zake zinaendana na soko la ajira. Tuulize: ni tangazo gani limewahi kusema ni wahitimu wangapi wa kozi fulani, miaka miwili baada ya kumaliza, wanafanya kazi waliyoisomea? Wahitimu wa ualimu wasiokuwa na ajira wanajulikana katika kila kata. Katika vijiji vya Mbinga utawakuta wakiendesha bodaboda, wakibeba mizigo au wakitafuta vibarua katika makaa ya mawe ya Ngaka. Kazi hizo si za aibu. Kilicho cha aibu ni kumwuzia mtu ahadi ambayo mwuzaji hawajibiki kuitimiza.

Neno la nne ni "tumesajiliwa". Neno hili ni la kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyo linahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi kuliko uongo. Usajili wa chuo ni jambo moja. Ithibati ya programu ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali na bado kikawa na programu isiyoruhusiwa kudahili mwaka huo. Sisi wa Ruvuma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi Februari 2016 Tume ilifuta kibali cha vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka 2017 Tume hiyo hiyo ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na ikasimamisha udahili katika programu 75 za vyuo vingine. Nyuma ya kila hesabu kama hiyo kuna familia zilizokwisha kulipa nauli, kununua godoro na kuaga majirani.

Pamoja na maneno hayo kuna picha. Picha ni moja popote uendapo: kijana mwenye joho na kofia, nyuma yake ghorofa, mkononi kompyuta mpakato. Mlima haupo, jembe halipo, mtumbwi haupo. Picha inafundisha bila maneno kwamba elimu ni safari ya kutoka katika kazi za wazazi. Hapa ndipo kasumba ya kikoloni inapojificha. Historia ya Mbinga yenyewe inaikanusha. Wamatengo, kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa nchini, walibuni kilimo cha ngolo: hulaza majani yaliyofyekwa katika miraba mlimani, hufukia kwa udongo, na kuacha mashimo yanayoshika maji ya mvua ili yasichukue udongo mteremkoni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikwenda katika vijiji vya Mbinga kujifunza namna mfumo huo unavyofanya kazi. Wasomi waliwafuata wakulima mlimani kujifunza. Jambo hilo halijapata kuonekana katika bango.

CHIMBUKO LA MATANGAZO

Kada asiishie kuwalaumu wenye vyuo kwa tamaa. Tamaa ina mazingira yake ya kiuchumi, na kazi ya nadharia ni kuyaeleza.

Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria. Kwa miaka zaidi ya 20 baadaye, nafasi zilikuwa chache sana na serikali ndiyo iliyozilipia. Chuo hakikuwa na sababu ya kujitangaza kwa mtoto wa Lituhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Katikati ya miaka hiyo sheria iliruhusu vyuo vikuu vya binafsi. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Leo nchi ina vyuo vikuu na vyuo vishiriki zaidi ya 40.

Hatua hizi zilipanua elimu, na upanuzi huo ni mafanikio ya umma. Watoto wa wakulima ambao zamani wangebaki nje sasa wanaingia. Lakini pamoja na upanuzi ulikuja uhusiano mpya. Ada humfuata mwanafunzi. Chuo kilichopata wanafunzi kinalipa mishahara; chuo kilichokosa kinafunga mlango. Mwanafunzi amekuwa njia ya kupitishia fedha, nyingine za mzazi na nyingine za umma kupitia Bodi, kwenda katika hazina ya chuo. Hapo ndipo lilipozaliwa tangazo. Na fedha hiyo ya umma ni deni: kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize.

Katika nchi kubwa za kibepari jambo hili limekomaa zaidi. Marekani, shirika linaloendesha mtihani unaotumika katika udahili, College Board, limeuza kwa vyuo majina ya wanafunzi kwa miaka mingi. Tangu jarida la U.S. News lilipoanza kupanga vyuo kwa ubora mwaka 1983, viko vyuo vilivyowashawishi hata vijana visivyokusudia kuwachukua, kwa kuwa chuo kinachokataa wengi huonekana bora zaidi. Kwetu mwelekeo ni tofauti kidogo, maana vyuo vingi vinavyotangaza sana vinatafuta kujaza viti. Lakini msingi ni mmoja. Wasiwasi wa kijana anayengoja umekuwa malighafi, na kuna watu wanaoishi kwa kuuchimba.

HARAKA NA MAGOMA

Sasa tufike katika kiini cha hoja yetu. Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanalijua vizuri neno magoma. Ni biashara ya kumwuzia mlanguzi kahawa ikiwa ingali mtini, kabla ya kuiva na kabla ya kupelekwa katika chama cha msingi cha ushirika. Mlanguzi huja na fedha taslimu wakati mkulima ana shida, humlipa sehemu ndogo ya thamani, na msimu ukifika huchukua mzigo. Viongozi wameipiga vita biashara hiyo miaka nenda miaka rudi. Kwa nini haifi? Kwa sababu mlanguzi hanunui kahawa tu. Ananunua haraka ya mkulima.

Je, haraka hiyo inatoka wapi? Inatoka katika ugonjwa, katika njaa ya miezi ya mvua, katika msiba. Na sasa inatoka pia katika udahili. Tufuate hesabu. Ada ya kuomba chuo kimoja kwa kawaida ni Sh. 10,000. Kijana aliyetishwa na neno "wahi" huomba vyuo vitano ili awe na uhakika, na Sh. 50,000 zimekwenda kabla hajachaguliwa popote. Ada ya kuomba mkopo kwa miaka mingi imekuwa Sh. 30,000. Kuna malipo ya steshenari inayomjazia fomu, kuna bando la simu, kuna nauli ya kutoka kijijini. Kisha majina yanatoka, na fomu ya kujiunga inadai sehemu ya ada siku ya kuripoti. Orodha za waliopata mikopo hutangazwa kuanzia mwezi Oktoba, wakati chuo kinakaribia kufunguliwa au kimekwisha kufunguliwa. Mzazi anatakiwa kuwa tayari kulipa kabla hajajua kama mwanawe atapata mkopo, na kama atapata, ni kiasi gani.

Kahawa yake iko wapi wakati huo? Iliyopita katika ushirika inangoja mnada. Fedha yake haijafika. Mlanguzi yuko mlangoni. Hivyo haraka iliyotengenezwa katika tangazo huko mjini inashuka mpaka shambani na kumalizikia mikononi mwa mlanguzi. Kuna mzazi ambaye mwaka huu atauza kahawa ya mwaka ujao kwa magoma ili kulipia nafasi ambayo haikuwa na haja ya kuwahiwa. Huu ndio unyonyaji tunaouzungumza. Hauna kiboko wala manamba. Unafanya kazi kwa hofu ya kuchelewa.

Kutokana na mfano huo tunapata kanuni. Kwa nini mkulima wa ushirika anaweza kungoja mnada, na mkulima wa magoma hawezi? Si kwa sababu wa kwanza ana subira ya kuzaliwa nayo. Anaweza kungoja kwa kuwa anangoja pamoja na wenzake: mizani ni ya pamoja, ghala ni la pamoja, habari za bei ni za pamoja, na ushirika ukiwa imara humkopesha pembejeo. Chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilipoanguka katika miaka ya 1990 baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mkulima alirudishwa kungoja peke yake, na nguvu yake ya kungoja ikapungua. Kungoja kwa pamoja ni nguvu. Kungoja peke yako ni udhaifu, na udhaifu huo una wanunuzi.

Kijana anayengoja chuo leo anangoja peke yake. Hana ghala la habari wala mizani ya kupimia ahadi. Tena kungoja huko hakulingani kwa watu wote. Mtoto wa mtumishi wa Songea mwenye simu nzuri na mjomba chuoni hungoja kama mtu aliye likizo. Mtoto wa mkulima wa kati hungoja akiangalia deni linavyokua. Mtoto wa mvuvi fukara hungoja kwa hofu. Kuna hata wanaopoteza nafasi kwa kukosa mtandao tu. Aliyechaguliwa katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja, kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya siku zilizowekwa. Siku hizo zikipita yeye akiwa ziwani au mlimani ambako simu haishiki, sifa zake hazimsaidii kitu katika awamu hiyo. Udahili unaodai kupima akili unajikuta unapima umbali wa mnara wa simu.

KUNGOJA KULIPOKUWA KAZI

Wapo watakaodhani kwamba kungoja ni maumbile ya jambo lenyewe. Historia ya Chama inasema vingine. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao cha Musoma, iliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita, na baada ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha aombe chuo kikuu akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Uamuzi huo ulifuata njia iliyoonyeshwa na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Nyuma yake kulikuwa na kumbukumbu ya Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi hilo, na wengi wao wakarudishwa makwao.

Maana ya uamuzi wa Musoma ilikuwa kwamba muda kati ya shule na chuo ni muda wa kujulikana. Wenzake kazini wanamjua kijana, naye anaijua kazi. Nafasi ya chuo ilichukuliwa kuwa dhamana. Mwalimu Nyerere alipenda kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amewasaliti waliomlisha.

Hatusemi utaratibu ule urudishwe kama ulivyokuwa. Ulikuwa na kasoro, na mwanamapinduzi hazifichi kasoro za historia yake. Idadi ya wanawake ilipungua, ikabidi waondolewe sharti hilo baada ya muda mfupi. Barua ya tawi ilimpa kiongozi mmoja uwezo mkubwa juu ya maisha ya kijana, na uwezo wa aina hiyo usiposimamiwa huzaa upendeleo. Katika miaka ya 1980 utaratibu uliachwa. Lakini ulipoachwa, hakuna kilichowekwa mahali pake, na muda uliobaki wazi ukachukuliwa na tangazo.

Sehemu moja imerudi. Tangu mwaka 2013 vijana wa kidato cha sita wanaitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na baadhi yao hufanya mafunzo hapa Ruvuma, katika kambi ya Mlale. Hilo ni jema. Lakini mafunzo hayo ni ya miezi michache, hayawachukui wote, na yakiisha kijana anarudi nyumbani kungoja kama mwanzo.

HOJA ZA WANAOPINGA

Watatuambia: matangazo ni habari, na habari ni haki ya kijana. Tunakubali kwamba habari ni haki. Kabla ya matangazo, mtoto wa mwambao alisikia habari za chuo kikimoja au viwili tu. Lakini habari na tangazo vina tofauti inayopimika. Habari humwambia mwombaji nafasi ni ngapi, ada ni kiasi gani kwa miaka yote ya kozi, sifa zinazotakiwa ni zipi. Mambo hayo yamo katika mwongozo wa udahili ambao Tume huutoa kila mwaka bila malipo. Bango huyaacha na kuweka tabasamu.

Watatuambia tena: mnataka serikali iwachagulie vijana vyuo. Hapana. Njia hiyo ilijaribiwa. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume, na vijana wengi walilalamika kupangiwa vyuo na kozi wasizozitaka. Mwaka 2017 serikali ikaamua waombe moja kwa moja vyuoni. Uamuzi huo ulimrudishia kijana haki ya kuchagua. Lakini haki ya kuchagua bila uwezo wa kupambanua ni haki nusu. Mfumo wa kwanza ulimnyima kijana sauti, na wa sasa umempa sauti ukamwacha sokoni. Hatua ya tatu ni kumpa sauti pamoja na wenzake, na hatua hiyo haitaletwa na soko.

KAZI YA MAKADA

Kazi za matawi ya Chama na ya Umoja wa Vijana katika vijiji vyetu ni hizi.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la vijana wa eneo lake waliomaliza kidato cha sita: nani ameomba wapi, nani amechaguliwa, nani anatakiwa kuthibitisha na mwisho lini. Mwenye simu inayoshika asaidie asiye nayo. Daftari hilo lisimpe kiongozi mamlaka ya kumruhusu wala kumzuia mtu. Liwe la kusaidiana na lisiwe la kuchunguzana, na namba ya siri ya kijana ibaki yake. Kwa njia hii pekee tutawaokoa wanaopoteza nafasi kwa kukosa habari za siku mbili.

Pili, kuwe na darasa la kusoma mwongozo na matangazo kwa pamoja. Lifanyike mwezi Julai, wazazi wakiwapo. Wachukue tangazo moja na kuliweka kando ya mwongozo wa Tume, kisha wajibu maswali matano: programu hii ina ithibati? Ina nafasi ngapi? Ada ya miaka yote ni kiasi gani? Kinachoahidiwa kuhusu mkopo kimetoka kwa Bodi au kwa mtangazaji? Waliomaliza wako wapi? Ijulikane kwa kila mzazi kwamba hakuna chuo kinachotoa mikopo ya Bodi, na kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kuiahidi.

Tatu, vijana wanaongoja wapewe kazi inayolingana na elimu yao. Miezi hiyo vyama vya msingi vya ushirika vinapokea kahawa, na mkulima asiyejua hesabu za mizani huibiwa mbele ya macho yake. Kijana aliyefaulu hisabati akae hapo, asome mizani, aandike stakabadhi, amweleze mkulima makato. Mwingine asaidie sekondari ya kata yenye upungufu wa walimu wa sayansi. Alipwe posho ya haki, maana kujitolea kusiwe jina jipya la kufanyishwa kazi bure.

Nne, vyama vya ushirika vizungumze na wanachama wao juu ya mfuko wa kukopesha ada ya kuanzia, unaorudishwa mnada ukilipwa. Ushirika ukiweza kukopesha mbolea kwa dhamana ya kahawa, uchunguze kama unaweza kukopesha ada kwa dhamana hiyo hiyo. Semina na makaripio peke yake hayataondoa magoma. Mlanguzi atakosa cha kununua siku mkulima atakapoweza kungoja.

Tano, heshima ya kazi itetewe. Bango halitamwambia kijana wa Mbamba Bay kwamba kuna wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi wenye kampasi kama za Mbegani na Nyegezi, wala kwamba VETA Songea hufundisha ufundi unaohitajika kijijini kwake, wala kwamba pale Ugano, Mbinga, kuna kituo cha utafiti wa kahawa ambacho kazi zake zinahitaji watu wa kuziendeleza. Asiyechaguliwa chuo kikuu katika awamu zote asirudi nyumbani kama mtu aliyeshindwa maisha.

Sita, wajumbe wetu katika vikao vya wilaya na mkoa wadai kwamba chuo chochote kinachokuja kujinadi katika shule zetu, Kigonsera au kwingineko, kije na maandishi yanayoonyesha ithibati ya kila programu, ada yote na idadi ya nafasi. Chuo kizuri hakitaona tabu kuyaleta, na kisichoyaleta kitakuwa kimejieleza.

Kazi hizi ni ndogo ndogo, na baadhi ya makada watauliza nadharia iko wapi. Nadharia imo katika swali tuliloanza nalo: haraka hii ni ya nani? Mkulima akilijua jibu lake, haiuzi kahawa ikiwa mtini. Kijana akilijua, hathibitishi chuo kwa kuogopa bango. Matokeo hutoka Julai, na maandalizi ya daftari na darasa yanahitaji miezi miwili. Tawi lisilokuwa na daftari lianze nalo mwezi Mei, wakati mitihani ya kidato cha sita inafanyika na kahawa inaanza kuiva.